Mke Wangu Alikiri Mwenyewe: Busu Lilikwisha, Wasiwasi Ndiyo Ukaanza

Mimi ni fundi simu, Kariakoo, mtaa wa Aggrey, huu ni mwaka wa tisa. Naanza na kazi kwa makusudi, maana bila kuijua kazi yangu hamtaelewa kwa nini hii ishu ilinitesa kuliko ambavyo ingemtesa mwanaume mwingine.

Kwenye meza yangu, ukiacha vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyojaa vumbi, kuna aina moja ya mteja anayekuja na simu nzima kabisa. Anakaa pembeni, anasubiri wengine waondoke, halafu anaitoa simu kwenye pochi. "Fundi, hii ni ya mume wangu. Nimemwambia nakuja kuiwekea protekta. Nifungulie tu." Au ni kaka mmoja kavaa tai, anaongea kwa sauti ya chini, "Nirudishie meseji zilizofutwa, hela siyo tatizo." Huwa nakataa. Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na mtu anayeingia kwenye kifaa cha mwenzake bila ruhusa, na mimi nina watoto wa kulea. Pili, zamani nikiwa msaidizi tu, fundi aliyenifundisha kazi alikuwa hakatai, kwa hiyo miisho yake niliishuhudia. Aliyekuta kitu aliondoka analia. Aliyekosa kitu aliondoka anacheka, halafu baada ya wiki mbili huyo karudi: "Fundi, nahisi amefuta. Hebu angalia tena."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba simu safi haimtulizi mtu mwenye wasiwasi. Kwake simu safi ni dalili kwamba mwenzake ni mjanja zaidi. Na siku hizi ndiyo kabisa. WhatsApp ilileta tiki za bluu mwaka 2014 watu wakaanza kugombana kwa sababu ya kusomwa bila kujibiwa, 2020 zikaja meseji zinazojifuta zenyewe, 2023 ukaja uwezo wa kufungia chati moja moja kwa alama ya kidole. Ukitaka kumshuku mtu, simu itakupa sababu hata ikiwa tupu.

Sasa basi. Mwaka jana mwezi wa nne, Jumapili usiku, mvua imepiga mchana kutwa, umeme hakuna, watoto wamelala. Tunaishi Kimara, ndoa wakati ule ina miaka saba. Mke wangu akaja sebuleni na taa ya kuchaji, akaiweka chini, akasema, "Baba watoto, nina kitu nataka nikwambie. Naomba usinikatishe mpaka nimalize."

Wanaume wenzangu mnaijua hiyo sentensi. Tumbo linakaza kabla hujasikia chochote.

Wiki tano nyuma alikuwa semina ya kazini Morogoro, siku nne. Kulikuwa na jamaa kutoka tawi la mkoa mwingine, walikaa meza moja, wakazoeana. Usiku wa tatu, baada ya chakula, wakarudi vyumbani pamoja, na pale koridoni yule jamaa akambusu. "Sikumsukuma pale pale," mke wangu alisema. Hii naikumbuka kuliko yote aliyoyasema usiku ule. Hakusema alishtukizwa, wala hakusingizia mvinyo. "Nilikaa kidogo, halafu ndiyo nikaingia chumbani nikafunga mlango." Baada ya hapo walichati kama wiki mbili, salamu na utani, mpaka jamaa alipoandika kwamba anakuja Dar na anataka waonane. Akamblok. Basi, habari ikaishia hapo.

Nikamwuliza maswali matatu. Mlilala? Hapana. Bado mnawasiliana? Hapana. Nani mwingine anajua? Hakuna. Nikaenda kulala chumbani kwa watoto. Sikuwa na hasira hata, nilitaka tu kulala karibu na mtu ambaye kupumua kwake hakuna siri.

Najua kuna wanaosoma hapa wanasema, aah, busu tu? Mtaani kwetu kuchepuka ni mpaka watu wavue nguo. Busu na chati ni "utoto", ni "kateleza". Na kiukweli kwa mzani huo mke wangu hana kesi. Ila huo mzani kautengeneza nani? Nimewahi kufikiri kwamba angelala na mtu asiyemjua na akasahau hata sura yake, labda ningeumia tofauti. Kilichonichoma ni yale aliyoyaita salamu na utani. Wiki mbili nzima kuna mwanaume alikuwa anapata ule utani wake wa asubuhi, ambao mimi nilidhani ni wangu peke yangu, wakati mimi niko kwenye mwendokasi nimebanwa mlangoni naelekea kumtafutia ada mtoto wa mke huyo huyo.

Haya, tukasameheana. Kwa maneno. Aliomba msamaha analia, nikasema yameisha. Wiki ya kwanza nilikuwa mwema kupita kiasi, hadi nikanunua kuku wa kuchoma siku ya Jumanne. Wiki ya pili ndiyo mambo yakaanza.

Wengi wanadhani wasiwasi unaangalia mbele, yaani unaogopa atarudia. Wangu ulianza kurudi nyuma. Nikiwa nafungua simu ya mteja, mkono unafanya kazi, kichwa kiko 2022, mke wangu yuko semina Arusha, simu yake haipatikani usiku, akasema chaji iliisha. Wakati ule niliamini bila hata kufikiri. Sasa nikaanza kuuliza chaji iliishaje hotelini kwenye umeme. Yale manukato aliyopewa na "wenzake wa kazini" siku ya kuzaliwa, wenzake gani? Ile siku alicheka peke yake jikoni akasema kaona video, video ipi? Miaka saba yote nikawa naipitia kama mtu anayekagua stoo baada ya kusikia kuna mfanyakazi kaiba. Kumbukumbu nzuri kabisa, za safari ya Bagamoyo, za mtoto wa pili kuzaliwa, zote zikawa na kivuli pembeni. Nadhani hili ndilo watu hawalisemi. Lile busu la Morogoro lilichukua sekunde chache tu, lakini lilinifanya niidai ndoa yangu yote stakabadhi.

Halafu kuna ile ya mtu kukiri shilingi mia ukabaki unajiuliza kama hakuiba elfu. Kukiri kwenyewe nikakutilia shaka. Kwa nini aseme? Labda kuna mtu alitaka kumchoma, akawahi. Labda amenipa kadogo ili nisitafute kakubwa. Usiku kichwa kinatengeneza kesi vizuri kuliko wakili, na kesho yake asubuhi unamkuta mwanamke wa watu anakupasia chai na chapati mbili, wala hajui kwamba saa tisa usiku umeshamhukumu.

Siku moja akiwa anakoga simu yake ikalia mezani, meseji ya M-Pesa. Shilingi 50,000, jina la mwanaume. Dakika tano baadaye nyingine, 30,000, mwanaume mwingine. Mpaka saa nne usiku zimeingia sita. Nilikaa pale natetemeka kama mtu mwenye malaria. Kumbe jamani alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mwenzake wa ofisini, na siku ile ndiyo ilikuwa mwisho wa michango. Na lile kundi la kamati ndilo lililokuwa linamweka mtandaoni hadi saa saba usiku, watu wanabishana bei ya ukumbi. Mtanzania yeyote anajua kamati ya harusi inavyofanana na mchepuko: hela za ajabu ajabu, simu za usiku, na vikao vya Jumapili ambavyo haviishi. Nikacheka. Nikadhani kucheka kutanitibu. Kesho yake nikajiuliza, je, kwenye kamati hakuna mwanaume anayemchekesha?

Kuna watu nilitaka kuwaambia. Kijiweni nikajaribu kwa kuzunguka, nikasema nina mteja yamemkuta haya na haya. Mshkaji mmoja akasema huyo mteja akafungue kesi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kudai fidia ya ugoni. Ni kweli, kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzake. Ila ugoni ni kuzini. Busu la koridoni halipeleki mtu mahakamani, na hata lingempeleka, ningepata hela halafu? Mwingine akasema dawa ni kulipiza, ngoma iwe droo. Mzee wa kahawa akafunga hoja na ule msemo wake, kwamba ukimchunguza sana bata huwezi kumla. Watu wakacheka, mada ikahamia Simba na Yanga.

Huo msemo nimeutafakari sana na siukubali. Bata hajakwambia kitu. Bata amekaa kimya, wewe ndiye umeenda kumchokoa. Mke wangu alikaa mbele yangu akafungua mdomo mwenyewe. Kwangu uchunguzi uliletwa mezani na mpishi.

Mtu pekee niliyemwambia ukweli ni shangazi yangu, yuko Tanga, aliwahi kuwa somo wa mabinti wengi kabla hajachoka miguu. Nilipiga simu, "Shikamoo shangazi," tukasalimiana weee, mpaka akaniuliza mwenyewe, "Sema. Hujapiga kunijulia hali tu." Nikamwaga yote. Hakushangaa. Akaniuliza, "Mwanangu, kuna nini unachotaka kujua ambacho hujui?" Nikasema nataka kujua kama ni hicho tu. Akasema, "Na akikwambia ni hicho tu?" Nikasema ameshaniambia. "Ulimwamini?" Nikakaa kimya. "Basi wewe hutafuti jibu, maana jibu unalo. Unachotafuta ni usingizi. Usingizi haumo kwenye simu ya mtu." Halafu akaniambia nimsalimie mke wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nisimwambie kwamba yeye anajua.

Nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Nilitaka mtu wa kunionea huruma.

Nyumbani hali ilikuwa inakaza. Sikuwa nagombana, nilikuwa nauliza. Umechelewa, kulikuwa na foleni wapi? Nani kakupa lifti? Mmekula wapi? Maswali ya kawaida, sauti ya kawaida, ila yeye anajua na mimi najua. Mwanzo alijibu kila kitu, tena kwa kirefu. Mwezi wa saba siku moja, tukiwa tunakunja nguo, akasema bila kupandisha sauti: "Nimekujibu mara ngapi, baba? Sitaki kufika mahali nikajuta kwamba nilikwambia."

Hiyo ndiyo iliyonigutusha. Alikuwa na uwezo wa kukaa kimya maisha yake yote, hakuna aliyemwona, hakuna aliyemshtaki. Alichagua kuniambia, na sasa malipo ya kusema ukweli yalikuwa ni kuhojiwa kila jioni kama mtuhumiwa, wakati yule ambaye angenyamaza angekuwa analala fofofo kifuani kwa mumewe. Nikaona hatari iliyokuwa mbele yetu. Ningeweza kumgeuza mwanamke anayesema kuwa mwanamke asiyesema, na baada ya hapo ndipo ningekuwa na sababu ya kweli ya kuwa na wasiwasi.

Wiki chache baadaye simu yake ikaanguka ngazini, kioo kikapasuka vipande vipande. Mume fundi, utaipeleka wapi? Asubuhi akanikabidhi. "Patani unaijua, nimebadilisha, ni hii," akaichora hewani kwa kidole, akaondoka kazini na kitochi cha mdogo wake.

Ilikaa mezani kwangu kuanzia saa tatu asubuhi. Nikabadilisha kioo, kazi ya dakika arobaini. Ukishabadilisha kioo lazima ujaribu mguso, kwa hiyo nikaifungua, nikapitisha kidole juu chini, kushoto kulia. Ikashika vizuri. Picha ya watoto ipo pale nyuma ya ile programu ya kijani. Naapa njia za kujua kila kitu kwenye simu ninazo, hadi vilivyofutwa baadhi yake, na sitaziandika hapa. Nilikuwa na saa nane, sina mteja, mwenye simu kanipa patani kwa mkono wake. Hata sheria isingenigusa.

Sikufungua. Wala msinione malaika. Niliwaza tu yule kaka mwenye tai. Nikikuta kitu, naijua njia inayofuata. Nisipokuta, nitasema amefuta, maana nani anampa fundi simu yenye ushahidi? Hakukuwa na kitu chochote ndani ya kile kifaa ambacho kingenifanya nirudi nyumbani nikiwa mzima. Nikaizima, nikaiweka kwenye droo, nikaenda kula ubwabwa.

Jioni nilimpa simu nikamwambia sijaangalia. Akasema, "Najua ungeweza." Nikasema, "Sasa tukae."

Tulikaa hadi saa sita usiku. Kuna yule mshauri wa ndoa Mbelgiji anayefanya kazi New York, Esther Perel, aliyeandika kitabu The State of Affairs mwaka 2017. Nilimsikia kwenye video moja nikiwa kazini. Anatofautisha maswali ya mpelelezi, wapi, mara ngapi, ilikuwaje, na maswali ya kutafuta maana, kwamba ulikuwa unatafuta nini, ulijisikiaje ukirudi nyumbani. Anasema ya kipelelezi yanaongeza kidonda. Kwangu mimi yale matatu ya mwanzo yalikuwa ya lazima, nisingeweza hata kumeza mate bila hayo. Ila baada ya matatu, yaliyobaki yote yalikuwa ni kuchokonoa. Usiku ule nikamwuliza la aina ya pili: ulipokuwa unachati naye, ulikuwa nani? Akafikiri sana. Akasema, "Nilikuwa mtu anayeulizwa siku yake imekuwaje. Wewe ukirudi unauliza kama gesi ipo."

Iliniuma, na bado nasema haihalalishi. Nikamwambia hivyo hivyo, na yeye akakubali kwamba haihalalishi. Haya mambo mawili yanaweza kukaa meza moja.

Tulikubaliana vitu vichache. Nikitaka kuuliza jambo la Morogoro, nauliza Jumamosi jioni watoto wakiwa kwa bibi yao, na yeye anajibu bila kuchoka. Siku nyingine hakuna. Yeye naye atasema kabla sijauliza, kwa mfano kama yule jamaa amejitokeza kwa namna yoyote, hata kwa barua pepe ya kikazi. Na ombi lake moja: lile busu lisitajwe kwenye ugomvi wa kitu kingine. Mboga ikiungua, tugombane kuhusu mboga. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana katikati ya ugomvi unakuwa nalo mdomoni kama jiwe, na unajua ukilitupa tu umeshinda.

Jumamosi za kwanza nilikuja na orodha. Baadaye maswali mawili. Kuna Jumamosi mwezi wa kumi na moja tulikaa nikakosa la kuuliza, tukaishia kuangalia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya mume na mchepuko wake. Tulitazamana tukabadilisha chaneli.

Haujaisha. Watu wanaosema ukisamehe umesahau sijui wana vichwa vya aina gani. Ukinijia siku hizi unakuja kwa vitu vidogo, neno "semina", au nikipita Morogoro kwa basi nikaona hoteli yoyote yenye korido ndefu. Tofauti ni kwamba sasa naujua sura. Nikiwa nakunjua kesi usiku, namgusa bega namwambia, "Imenijia tena." Haulizi nini. Anashika mkono, tunalala. Siku nyingine hatulali.

Mwezi ujao ana semina nyingine, Dodoma, siku tatu. Aliniambia kabla hajathibitisha kazini, na akaniambia jina la yule jamaa limo kwenye orodha ya washiriki. Aliuliza kama nataka asiende. Nilikaa na hilo swali siku mbili. Nikamwambia nenda, ukifika nipigie, siyo kwa sababu nataka kuona chumba, nataka kujua umefikaje. Tiketi ya treni amekata ya Jumatatu asubuhi. Nimeshaongea na mdogo wake aje kukaa na watoto jioni, maana mimi duka nafunga saa moja.